MAISHA YA AL-BIRUNI, ALIYEFUNGUA VITABU VYA NYOTA VYA WAHINDI

Katika kurasa kama hizi twasoma mara nyingi habari za wafalme waliopiga vita na wasafiri waliogundua nchi. Leo nataka kuwaletea wasomaji habari za mtu wa namna nyingine. Hakuwa mfalme, bali alichukuliwa na mfalme kama mateka. Hakuwa na jeshi, bali aliingia katika nchi ambayo watu wake walikuwa na haki ya kumchukia, akaketi miguuni pao, akajifunza lugha yao, akasoma vitabu vyao vya nyota, kisha akawaeleza watu wa nchi zilizo magharibi ya Bara Hindi mambo ambayo hawajapata kuyajua sawasawa. Jina lake ni Abu Rayhan al-Biruni.

Kwanza yafaa tufahamu maneno mawili. Elimu ya falaki ni hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota: lini mwezi utaandama, lini jua litapatwa. Unajimu ni jambo jingine. Ni kutazama mahali pa nyota hizo, kisha kusema kwamba mtoto huyu atakuwa tajiri, au kwamba safari ile ina mkosi. Siku hizi twatenga mambo haya mawili kabisa. Zamani za al-Biruni mtu mmoja aliyafanya yote mawili, na wafalme waliwalipa wataalamu wa falaki kwa sababu walitaka unajimu. Tusipokumbuka hayo hatutaelewa shida ya maisha yake.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka wa 973, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarizm, kusini ya Bahari ya Aral. Siku hizi mahali hapo pamo katika nchi ya Uzbekistan. Neno birun katika lugha ya Kiajemi maana yake ni nje, na kwa hiyo jina lake lamtaja kuwa mtu wa nje ya mji. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarizm, ambacho hakikuwa na vitabu vya elimu. Basi ilimpasa kujifunza Kiarabu na Kiajemi kama mgeni. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukunyonya Kiswahili kwa mama zetu, nasi tutamwelewa.

Alikuwa na bahati ya kupata mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa hodari sana wa hesabu. Alipokuwa bado kijana wa miaka 17 hivi al-Biruni alipima kimo cha jua la adhuhuri, akapata kwa hesabu umbali wa mji wa Kath kutoka mstari wa ikweta. Lakini mwaka wa 995 vita viliingia Khwarizm. Ukoo wa mwalimu wake ulipinduliwa, na kijana al-Biruni akalazimika kukimbia.

Alifika Rayy, karibu na mahali ulipo mji wa Tehran leo, hana fedha. Mwenyewe amesimulia kwamba huko alibishana na mnajimu mmoja juu ya jambo la elimu yao. Mtu yule akamdharau, si kwa kuwa hoja yake ilikuwa mbaya, bali kwa kuwa alikuwa maskini. Baadaye hali yake ilipokuwa njema, mtu yule yule akajifanya rafiki. Al-Biruni hakulisahau jambo hilo.

Mwaka wa 997 alifanya jambo lililoonyesha akili yake. Alijua kwa hesabu kwamba usiku fulani wa mwezi wa Mei mwezi utapatwa. Akapatana na Abu'l-Wafa, mtaalamu mkubwa wa Baghdad, kwamba mmoja atautazama akiwa Kath na mwingine akiwa Baghdad, na kila mmoja aandike saa. Kupatwa kwa mwezi huonekana na watu wote kwa wakati mmoja, lakini saa za miji hazilingani. Walipolinganisha maandishi yao walikuta tofauti ya kama saa moja. Kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, wakajua umbali wa miji yao miwili kutoka mashariki hata magharibi. Wawili hao walikuwa mbali sana, wala hawakuwa na simu wala redio. Walikuwa na ahadi tu, na kila mmoja akaitimiza.

KITABU CHA MIAKA NA SIKUKUU

Mnamo mwaka wa 1000 al-Biruni alikuwa Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi, katika nyumba ya mfalme Qabus. Huko akaandika kitabu chake kikubwa cha kwanza, habari za jinsi mataifa ya kale yanavyohesabu miaka na siku zao kuu: Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Waislamu na wengineo. Katika kitabu hicho ameeleza habari za Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua siku hiyo kwa jina la Nairuzi au Siku ya Mwaka. Manahodha walihesabu misimu ya pepo tangu siku hiyo, na watu wa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja husherehekea Mwaka Kogwa mpaka leo. Hivyo mambo aliyoyaandika mtu huyu wa mbali si mageni kabisa kwetu.

Baada ya miaka michache alirudi kwao Khwarizm akawa mshauri wa mfalme. Pengine angemaliza siku zake huko kwa amani, lakini kusini kulikuwa na mfalme mwingine mwenye nguvu na tamaa, Sultani Mahmud wa Ghazna, mji ulio katika Afghanistan ya leo. Mwaka wa 1017 mfalme wa Khwarizm aliuawa katika maasi, na Mahmud akapata sababu ya kuitwaa nchi. Aliporudi Ghazna alichukua mateka wengi, na miongoni mwao wataalamu. Al-Biruni na mwalimu wake wa zamani Abu Nasr walikuwamo. Inasimuliwa kwamba mwanachuoni mmoja aliyechukuliwa pamoja nao alihukumiwa kuwa mzushi akauawa, na al-Biruni naye alikuwa karibu kuuawa; akaponyoka kwa kuwa watu walimwambia Sultani kwamba hakuna mtu anayemshinda kwa elimu ya nyota, na mfalme hawezi kukosa mtu kama huyo.

MATEKA WA SULTANI

Alikuwa na miaka 44. Hali yake ilikuwa ya namna gani twaweza kuifahamu kwa jambo moja. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, moyo wake umejaa huzuni, wala hana chombo cha kupimia hata kimoja. Basi akachukua ubao wake wa kufanyia hesabu, akaugeuza, akachora nyuma yake sehemu ya duara, akaigawa kwa mistari, akafunga uzi wenye kitu kizito, na kwa chombo hicho akapima jua. Mtu aliyepoteza nchi yake na vitabu vyake alikuwa bado anataka kujua mahali pale pako wapi duniani.

Juu ya maisha yake kwa Mahmud kuna hadithi moja iliyoandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Yasemekana siku moja Sultani alikuwa ameketi katika nyumba ya bustani yenye milango minne. Akamwuliza al-Biruni atatoka kwa mlango upi. Al-Biruni akapima nyota, akaandika jibu katika karatasi, likawekwa chini ya mto. Ndipo Sultani akaamuru ukuta wa mashariki utobolewe, akatoka kwa tundu lile. Karatasi ilipofunguliwa ilisema kwamba hatatoka kwa mlango wo wote katika ile minne, bali watatoboa mlango wa tano upande wa mashariki. Badala ya kumsifu, Sultani alikasirika akaamuru atupwe kutoka juu ya dari. Akaanguka juu ya kitu laini, hakuumia sana. Alipoulizwa kama hilo nalo alilijua, akaonyesha kwamba alikuwa ameliandika tangu asubuhi. Kwa hiyo akatiwa gerezani miezi sita. Hatimaye Sultani akamwonya kwamba mtu akitaka faida kwa wafalme, na aseme wapendavyo, si kama elimu yake inavyosema.

Hadithi hii ni kama hadithi za Abunuwasi, tusiichukue kuwa historia. Lakini aliyeitunga alijua jambo la kweli. Shida ya al-Biruni ndiyo hiyo: riziki yake ilikuwa mikononi mwa mtu anayetaka kusikia maneno matamu, naye hakuwa mtu wa maneno matamu.

KUJIFUNZA KATIKA BARA HINDI

Mahmud alipiga Bara Hindi mara nyingi, akivunja mahekalu na kuchukua dhahabu. Sehemu ya Punjab ikawa chini ya serikali yake, na kwa njia hiyo al-Biruni akapata kufika Peshawar, Lahore, Multan na miji mingine. Wengine walirudi huko na mali. Yeye alitafuta vitabu.

Haikuwa kazi nyepesi. Ilimbidi ajifunze Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Wahindu, naye alikuwa mtu mzima aliyekwisha pita miaka 40. Ameeleza shida zake waziwazi. Lugha ile ina majina mengi kwa kitu kimoja, na jina moja kwa vitu vingi. Sauti zake nyingine hazitamkiki kwa ulimi uliozoea Kiarabu. Aliweza kuandika neno kwa uangalifu kama alivyolisikia, lakini akilisoma tena mbele ya Mhindi hata yule aliyemwambia hakulitambua. Vitabu vya elimu vilitungwa kwa mashairi, na wanakili waliviharibu kwa uzembe. Alitumia fedha zake kununua vitabu na kuwaita wataalamu kutoka mbali. Tena watu wenyewe hawakupenda kuwafundisha wageni, hasa wageni waliofika pamoja na jeshi.

Mwanzoni aliketi mbele ya wanajimu wa Kihindu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Alipoanza kufahamu njia zao, akawaonyesha sababu na uthibitisho wa hesabu mbalimbali, nao wakastaajabu wakamwuliza alisoma kwa mwalimu gani wa Kihindi. Wengine walimdhani mchawi. Walipozungumza habari zake kwa lugha yao walimwita bahari.

Naye hakuchukua tu, bali alitoa pia. Alifasiri kwa Kiarabu vitabu vya Kisanskriti, pamoja na kitabu cha Patanjali juu ya yoga, na kitabu kidogo cha unajimu cha Varahamihira, mnajimu mashuhuri wa Bara Hindi aliyeishi miaka 500 hivi kabla yake. Kwa ajili ya Wahindu alianza kufasiri kwa Kisanskriti kitabu cha Euclid cha jiometri na kitabu cha Ptolemy cha falaki. Elimu ilipita njia ile kwenda na kurudi.

Katika safari hizo ndipo alipopima ukubwa wa dunia. Penye ngome ya Nandana, ambayo leo imo katika Pakistan, aliona mlima unaotazama uwanda mpana. Kwanza akapima urefu wa mlima, akakuta dhiraa 652 na kidogo. Kisha akapanda kileleni, akapima jinsi upeo wa macho ulivyokuwa chini ya mstari ulionyoka sawa: dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya digrii. Kwa namba hizo mbili tu, bila ya kutembea jangwani, akapata kwa hesabu nusu ya kipenyo cha dunia, na jibu lake lilikuwa karibu na lile tunalofundishwa shuleni, kilometa 6,371 hivi.

KITABU CHA BARA HINDI

Siku moja al-Biruni alikuwa akizungumza na mwanachuoni mwenzake juu ya waandishi wanaoeleza imani za watu wengine. Wote wawili walisikitika kwamba waandishi hao husema uwongo, ama kwa chuki, ama kwa kunakili maneno ya wengine bila ya kuchunguza. Habari za Wahindu ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Yule mwenzake akamtaka aandike yeye anayezijua. Ndivyo kilivyopatikana kitabu chake kikubwa juu ya Bara Hindi, alichokimaliza mwaka wa 1030. Kina sura 80: dini, sheria, vipimo, maandishi, mito, miji, sikukuu, falaki na unajimu. Alijiwekea sharti moja. Hakuandika ili kubishana na Wahindu. Alitaka kueleza mambo yao kama wao wenyewe wanavyoyaeleza, hata yale ambayo yeye kama Mwislamu hakuyakubali, na kuyalinganisha na ya Wagiriki ili msomaji apate kufahamu.

Sura ya 80, ambayo ni ya mwisho, ndiyo ya unajimu. Anaanza kwa kueleza kwamba watu wa nchi za Kiislamu hawajui njia za Wahindu katika jambo hili, wala hawajapata kusoma kitabu chao hata kimoja. Kwa sababu hii wanadhani kwamba unajimu wa Wahindu ni sawa na wao, na kila kitu cha ajabu wanasema kimetoka Bara Hindi, hali Wahindu wenyewe hawakijui. Ni kweli kwamba hesabu za falaki za Kihindi zilikwisha fika Baghdad zaidi ya miaka 200 kabla yake, lakini zilikuwa zimechanganyika na mambo mengine.

Basi anawafungulia mlango. Wahindu wana buruji 12 kama sisi, na nyota saba zinazotembea, zikihesabiwa jua na mwezi. Mshtarii, Zuhura na mwezi ni za heri. Zohali, Mirihi na jua ni za shari. Utaridi hugeuka: ikiwa pamoja na ya heri nayo huwa ya heri, ikiwa pamoja na ya shari hufuata shari. Tena wanakihesabu kichwa cha joka, waliloliita Rahu, ingawa kwa kweli si nyota. Mahali pengine katika kitabu anaeleza vituo vya mwezi, yaani sehemu za mbingu anazolala mwezi usiku baada ya usiku. Wahindu huhesabu 27, Waarabu 28.

Kisha akagundua jambo la kufikirisha. Mambo mengi katika unajimu wa Wahindu yalikuwa yametoka kwa Wagiriki zamani. Varahamihira mwenyewe aliwasifu Wagiriki kwa elimu yao, ijapokuwa walikuwa watu wa nje ya dini yake. Buruji zimo katika kitabu chake kwa majina yanayofanana na ya Kigiriki, na neno hora analolitumia ni neno la Kigiriki hasa, lile lile ambalo Waingereza walilipata baadaye wakalifanya jina la saa. Kwa hiyo Wahindu waliodhani kwamba hakuna elimu ila ya kwao walikuwa wanatumia elimu ya wageni, na Waarabu waliodhani kwamba wanapokea mambo mapya kutoka mashariki walikuwa wanapokea, kwa sehemu, mambo yaliyokwisha toka magharibi. Elimu haina kabila.

KUPATWA KWA MWEZI

Katika kitabu hicho kuna mahali panapoonyesha moyo wa al-Biruni kuliko pengine pote. Watu wengi wa Bara Hindi waliamini kwamba mwezi unapopatwa ni Rahu anayeumeza. Hata lugha yetu yasema mwezi umepatwa, kana kwamba kuna mtu aliyeukamata. Lakini wataalamu wa Kihindu walijua tangu zamani kwamba mwezi hupatwa na kivuli cha dunia. Varahamihira aliandika hivyo waziwazi. Brahmagupta naye, mwanahesabu mkubwa wa karne ya 7, aliujua ukweli, na hesabu zake za kupatwa zinafuata kivuli. Hata hivyo katika kitabu chake aliwalaumu wanaomkataa Rahu, akasema ni lazima kufuata imani ya watu wote na vitabu vitakatifu.

Al-Biruni alishangaa. Mtu aliyejua kupima kipenyo cha mwezi na cha kivuli anawezaje kusema hivyo? Hakumcheka wala hakumtukana. Alidhani kwamba pengine Brahmagupta alilazimishwa na hofu, kama ile iliyompata Socrates wa Ugiriki, aliyepinga imani ya watu wa mji wake akauawa. Mateka wa Sultani alijua hofu ya namna hiyo kwa sababu aliishi nayo mwenyewe.

Lakini yeye hakunyamaza. Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba vita vya Mahmud viliharibu neema ya nchi ile na kuwatawanya Wahindu kama mavumbi, na kwamba ndiyo sababu wanawachukia Waislamu, na elimu zao zimekimbilia mbali, Kashmir na Benares, mahali ambapo mkono wa mshindi haujafika. Mahmud alikuwa amefariki mwaka huo huo wa 1030, lakini mwanawe alikuwa juu ya kiti, na mtu angeweza kulipa kwa maneno hayo. Alipoeleza hekalu la Somnath katika pwani ya Gujarat, ambalo Mahmud alilivunja, hakutosheka na kusimulia ushindi. Alieleza pia kwa nini mahali pale palikuwa mashuhuri: palikuwa bandari ya mabaharia, na kituo cha wanaosafiri kati ya Sufala ya nchi ya Zanji na nchi ya China. Sufala hiyo ni Sofala ya Msumbiji. Hivyo pwani yetu imo katika kitabu chake, nasi twapata ushuhuda kwamba miaka 1,000 iliyopita vyombo vilipita kati ya Afrika Mashariki na Bara Hindi.

JE, YEYE ALIUAMINI UNAJIMU?

Wasomaji watauliza swali hili, nalo ni la haki. Mwaka wa 1029 aliandika kitabu kingine cha kufundisha, kwa ajili ya binti mmoja wa Khwarizm aliyeitwa Rayhana, aliyependa kujua mambo ya nyota. Kimepangwa kwa maswali na majibu, kama mwalimu na mwanafunzi wanavyozungumza. Hakianzi na utabiri. Kinaanza na jiometri, kisha hesabu, kisha umbo la dunia na mbingu, na unajimu umewekwa mwisho. Alisema kwamba mtu asiyezijua elimu zile za kwanza hastahili kuitwa mnajimu. Na alipofika kwenye unajimu wenyewe alikiri kwamba watu wengi huuamini kabisa, lakini imani yake yeye juu ya hukumu hizo ilikuwa kama ya wale wanaouamini kidogo kuliko wote.

Huenda mtu akasema, basi kwa nini alijisumbua kuufasiri unajimu wa Wahindu? Jibu lake laonekana katika kazi yake yote. Kuijua imani ya mtu si sawa na kuikubali. Lakini kuikataa bila ya kuijua ni ujinga. Alitaka anayekubali ajue anachokubali, na anayekataa ajue anachokataa.

UZEE NA KUFA KWAKE

Mas'ud, mwana wa Mahmud, alimtendea vema kuliko baba yake. Al-Biruni akamwandikia kitabu kikubwa cha falaki kinachoitwa kwa jina la Sultani huyo, al-Qanun al-Mas'udi. Inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea tembo aliyebeba mzigo wa fedha, naye akaurudisha, akieleza kwamba hana haja nao.

Aliendelea na kazi hata uzeeni. Alipokuwa amepita miaka 80 kwa hesabu ya mwezi, macho na masikio yamepungua nguvu, aliandika kitabu cha dawa na mimea, akataja majina yake kwa lugha nyingi. Vitabu na makala zake zinahesabiwa kupita 140, lakini nyingi zimepotea.

Alifariki Ghazna mnamo mwaka wa 1048, au muda mfupi baadaye. Juu ya saa zake za mwisho kuna habari iliyohifadhiwa. Mwanasheria mmoja rafiki yake alikwenda kumtazama, akamkuta pumzi zinakata. Al-Biruni akamwuliza jambo la mirathi walilopata kuzungumza siku moja, juu ya fungu la bibi upande wa mama. Rafiki yake akamhurumia, akataka kujua kama huu ndio wakati wa mambo hayo. Mgonjwa akajibu kwamba ni heri kuiaga dunia hali analijua jambo lile kuliko kuiaga hali halijui. Basi akaelezwa, naye akalirudia akaliweka moyoni. Rafiki akatoka, na alipokuwa bado njiani akasikia vilio kutoka nyumbani.

BAADA YAKE

Ulaya haikupata kumjua kwa muda mrefu, kwa kuwa vitabu vyake vikubwa havikufasiriwa kwa Kilatini kama vile vya Ibn Sina. Katika karne ya 19 Mjerumani Eduard Sachau alikitoa kitabu cha Bara Hindi kwa Kiarabu mwaka wa 1887, na tafsiri yake ya Kiingereza mwaka wa 1888. Kitabu alichomwandikia Rayhana kilitolewa kwa Kiingereza mjini London mwaka wa 1934. Hivyo watu wa Ulaya na Marekani nao wakasoma habari za nyota za Wahindu kutoka kwa mtu wa Khwarizm aliyeandika kwa Kiarabu. Mwaka wa 1957 mji ulio mahali pa Kath ya kale ulipewa jina la Beruniy, na mwaka wa 1970 shimo moja kubwa la mwezini likaitwa Al-Biruni. Ni haki kwa mtu aliyeutazama mwezi kwa uaminifu.

Wanafunzi wenzangu, katika shule zetu tumechanganyika makabila na dini mbalimbali. Ni rahisi kusikia habari za mwenzako kutoka kwa asiyempenda, ukazisadiki. Al-Biruni alikuwa na kila udhuru wa kufanya hivyo: alikuwa mateka, mgeni, mtu mzima, na wafalme wake walikuwa vitani na watu wale. Hata hivyo alijifunza lugha yao, akawauliza wenyewe, akaandika walivyosema, kisha ndipo akatoa maoni yake. Sisi tuna amani, walimu na vitabu, na jirani zetu wamo katika bweni moja nasi. Tukitaka kujua anachoamini jirani, twende tumwulize yeye.